Marafiki walionja kidogo tu, sasa wanataka niwaalike tena

Swali: Shikamoo. Nipo nje ya nchi kwa masomo na nimepata marafiki wazuri, wote wazaliwa wa huku. Nilipowaalika kwangu kwa mara ya kwanza niliwapikia vyakula vyetu vyote ninavyovijua: mchuzi wa pilipili, samaki mkavu na mboga ya majani inayoteleza, kisha nikawaambia sisi huwa tunakula kwa mkono. Walisifu sana, lakini sahani zilirudi jikoni karibu zimejaa. Sasa wenyewe wameomba niwaalike tena na mimi naogopa. Je, nipunguze viungo ili chakula kifanane na cha kwao, au niwapikie kama nyumbani, watazoea wenyewe? Na nitajuaje kama kweli mtu amekipenda na si adabu tu?

Jibu: Marahaba. Kabla hatujafika kwenye sufuria, kuna jambo umelipita haraka: wameomba wenyewe kurudi. Mtu aliyeona taabu mezani pako hatafuti njia ya kukaa hapo tena. Urafiki uko salama. Kilichokwama ni mlo, na mlo hurekebishika.

Umenipa njia mbili nikuchagulie moja. Mimi nisingechukua hata moja. Siku ile uliwawekea mambo mageni manne kwa mpigo: ukali wa pilipili, harufu ya samaki, mboga inayoteleza, na namna ya kula. Lolote kati ya hayo wangelimudu likija peke yake. Yakija yote pamoja, huku aliyepika ameketi mbele yao anawaangalia midomo, hata mtu jasiri atashika njia ya heshima iliyo karibu, yaani kuonja kidogo na kusifu sana.

Hofu yao ina asili yake, wala si dharau kwa kwenu. Mnyama kama koala hula majani ya mkalitusi na karibu hana kingine, kwa hiyo hana la kuamua. Binadamu anaweza kula vitu vingi mno, na kati ya hivyo vingi vimo vya kumuua. Mwanasaikolojia Paul Rozin aliueleza mtanziko huu mwaka 1976: kiumbe anayekula kila kitu hana budi kujaribu vipya, na hana budi kuviogopa. Mwaka 1992 Patricia Pliner na Karen Hobden walitunga kipimo cha kauli 10 cha kupima woga huo, na tangu hapo kimetumika katika nchi nyingi. Watu hutofautiana sana wakipimwa, na tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo hurithiwa. Kwa hiyo katika kundi lako yumo ambaye angesitasita hata kwa chakula cha jirani yake wa mtaa wa pili. Huyo usimhesabie kosa, na usijihesabie wewe.

Ladha nayo huanza kujengeka mapema kuliko tunavyodhani. Julie Mennella na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya mimba, au walipokuwa wakinyonyesha, waliupokea uji wenye ladha ya karoti vizuri kuliko watoto wengine. Ulimi wako umesomea chakula chenu tangu kabla hujazaliwa. Wa kwao ulikuwa darasa jingine.

Basi unachotakiwa kupunguza ni idadi ya vitu vigeni, na ladha uiache ilivyo. Hapa ndipo wengi walio ughaibuni wanapoteleza. Wanaogopa, wanatoa viungo, wanapunguza chumvi, wanaacha kile kinachokifanya chakula kiwe chenyewe, halafu mezani kinafika kitu ambacho si cha kwao wala si cha wenyeji. Wenyeji hawakupata jipya la kupenda, na aliyepika hana cha kujivunia. Mimi nakipinga kabisa chakula cha namna hiyo.

Fanya hivi badala yake. Chagua kitoweo kimoja tu, kile ambacho ungependa wakukumbuke nacho, na ukipike kwa ladha yake yote. Vingine vyote mezani viwe vitu wanavyovijua. Elisabeth Rozin, aliyeandika sana kuhusu mapishi ya mataifa, alionyesha kwamba kila jiko la dunia lina viungo vichache vinavyojirudia pamoja, na kwamba hivyo ndivyo humfanya mlaji atambue chakula ni cha nani, hata kilicho chini yake kikibadilika. Pliner na mwenzake baadaye walijaribu wazo hilo na kukuta kwamba watu huwa tayari zaidi kuonja chakula kigeni kikija na ladha wanayoijua. Wewe igeuze: ladha yenu ngeni ije juu ya kitu wanachokijua. Mchuzi wenu juu ya viazi, wali, mkate au kuku wanaonunua kila wiki bado ni mchuzi wenu. Wakishaupenda, mara nyingine ndipo uuweke juu ya kile unacholiwa nacho kwenu.

Mboga inayoteleza naomba uiache nyumbani kwanza. Nimeona tena na tena kwamba watu husamehe ladha ngeni upesi kuliko mguso mgeni. Uchungu, uchachu, hata harufu kali, mtu atavumilia kijiko cha pili. Kitu kinachovutika au kuteleza kooni humwambia mwili kwamba kimeharibika, na hapo hoja haisaidii. Zipo mbinu za kuupunguza utelezi, kama kuikaanga mboga kavu kwa moto mkali au kuitia ndimu au nyanya. Lakini wapenzi wa mboga ile wanaipendea utelezi wenyewe, kwa nini uunyonge? Subiri mlo wa tatu au wa nne, uilete kwenye kibakuli kidogo cha pembeni, useme wazi kwamba inateleza na kwamba kwenu huo ndio utamu wake.

Pilipili ni suala jingine kabisa, kwa sababu ukali si ladha. Ni maumivu. Kapsaisini iliyomo ndani ya pilipili hufungua vipokezi vya neva ambavyo kwa kawaida hufunguka joto likizidi takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Ubongo hupokea taarifa ileile ya kuungua, ndiyo maana jasho linatoka na pua inachuruzika. David Julius na wenzake walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Neva hizo zikichokozwa mara kwa mara kwa miaka hupungua makali, na ndicho kilichokupata wewe. Kwa hiyo usiwe hakimu wa sufuria yako mwenyewe. Ukionja ukasema haiwashi hata kidogo, ujue kwa wenzako inawasha kiasi, na ukisema iko sawa, kwao ni moto.

Pika kitoweo bila pilipili au na chache sana, kisha weka pilipili ya kusaga kwenye bakuli lake katikati ya meza. Huko si kukichuja chakula, maana kila mtu ana mkono wa kujiongezea, na wewe utajaza sahani yako mbele yao. Kama pilipili lazima ichemke humo ndani ili ladha itoke, iondolee ule utando mweupe unaoshika mbegu. Kapsaisini nyingi imo kwenye utando huo, ingawa lawama hupewa mbegu. Na mtu akiwashwa usimkimbilie na maji. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, huishia kusambaa kinywani. Maziwa husaidia kwa sababu protini yake ya kaseini huinasa na kuiondoa ulimini, na mtindi hufanya kazi hiyohiyo. Asiyetumia maziwa mpe mkate au kitu chenye sukari. Wako wengi, maana karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani humeng'enya lactose, yaani sukari ya maziwa, kwa shida.

Sasa samaki mkavu. Huyu ndiye mgumu kuliko wote, na ndiye ningependa tumzungumze kwa kirefu.

Mwaka 2001 Rachel Herz na Julia von Clef waliwanusisha watu harufu zilezile kwa siku tofauti, ila mara moja wakiitaja kwa jina zuri na mara nyingine kwa jina baya. Mchanganyiko mmoja wa asidi uliitwa jibini ya Parmesan siku moja na matapishi siku nyingine. Watu waliusifu au kuuchukia kufuatana na jina, na wengi hawakuamini kwamba ni kitu kilekile. Mwaka 2005 Ivan de Araujo, Edmund Rolls na wenzao walirudia jambo linalofanana na hilo huku wakiangalia ubongo kwa mashine, kwa harufu iliyoitwa ama jibini ama jasho la mwili. Hata sehemu za ubongo zinazoshughulikia harufu na raha zilijibu tofauti. Maana yake kwako ni kwamba pua ya mgeni wako inangoja kuambiwa. Akikutana na harufu mlangoni bila maelezo, atajiambia mwenyewe, na jina atakalolitafuta akilini huenda likawa la kitu kilichooza. Akishalipata hilo jina, hata ukimweleza vizuri baadaye umechelewa.

Kwa hiyo zungumza kabla. Siku unapowaalika, si siku wanapofika, waambie utapika samaki aliyekaushwa, ana harufu nzito, na ladha yake iko jirani na kitu fulani cha kwao. Kitafute hicho kitu kwa uaminifu. Jamii nyingi zina chakula chao kilichochachushwa, kukaushwa au kutiwa chumvi mpaka kikanuka, iwe ni jibini, nyama au samaki, na wenyewe hukila kwa raha. Ukikipata, nusu ya kazi imekwisha. Usiombe radhi kwa harufu, na usifanye mzaha kwamba "inanuka lakini tamu". Mwenye chakula akikiaibisha chakula chake, mgeni hana sababu ya kukiheshimu.

Kisha fanya kazi ya mikono. Mloweke, umwage maji, umloweke tena. Harufu ya samaki kwa sehemu kubwa hutokana na kemikali iitwayo traimethilamini, ambayo hupungua kuruka hewani ikikutana na asidi, ndiyo sababu ya ndimu na siki kwenye samaki karibu kila pembe ya dunia. Mpike siku moja kabla, madirisha wazi, ili siku yenyewe kazi iwe ni kupasha tu na harufu isiwapokee mlangoni. Umkatekate awe chembe ndogo ndani ya mchuzi badala ya kumlaza mzima na macho yake. Hiyo ndiyo namna ya kumtambulisha. Kumficha ni jambo jingine, na kumficha sikuruhusu.

Nasema sikuruhusu kwa sababu hapa ndipo pengine chakula kinaweza kumlaza mtu hospitali. Usimlishe mtu kitu kwanza halafu ukamwambia baadaye alichokula, hata kwa nia ya kumshangaza. Samaki, kamba na kaa, karanga, ufuta, mayai, maziwa, soya na ngano ni miongoni mwa vyakula vinavyosababisha mzio mara nyingi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vyakula 14 vya namna hiyo vitajwe kwa mlaji. Marekani inavitambua 9, ufuta ukiwa umeongezwa na kuanza kutajwa kwa lazima mwaka 2023. Na mchanganyiko wa viungo ulioletewa na ndugu kwenye mfuko wa nailoni hauna maandishi yoyote, huku ndani yake pengine mna unga wa kamba au karanga. Waulize wageni mapema, na usiulize "una mzio?" peke yake. Uliza "kuna kitu usichokula?" Hapo utapata jibu la mwenye mzio, la asiyekula nyama, la aliyekatazwa na dini, na la yule asiyependa tu giligilani. Huyo wa mwisho usimcheke. Utafiti wa mwaka 2012 uliihusisha tabia ya kusikia ladha ya sabuni kwenye majani hayo na eneo la jenomu, yaani vinasaba vyote vya mtu, lenye jeni za vipokezi vya harufu.

Wali nao uangalie. Mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa mezani kwa saa nyingi huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ndani ya saa mbili uwe umeliwa au umeingia kwenye friji. Tena kuna zaidi ya afya hapo. John Garcia alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba panya aliyeonja kitu kitamu kisha akapata kichefuchefu hukikataa kitu hicho baadaye, na binadamu tuko vivyo hivyo, hata tunapojua kwamba chakula hakikuwa na hatia. Mgeni akiugua usiku wa kwanza, utahitaji miaka kumrudisha kwenye chungu kile.

Kula kwa mkono ni rahisi kuliko unavyofikiri. Weka kijiko kando ya kila sahani na usiseme lolote. Nawa, kaa, ule kwa mkono. Atakayetaka atakuiga, na atakuuliza vidole vishikeje. Ukitangaza kama kanuni, umewapa mtihani mbele ya wenzao, na mtu mzima anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa pilipili.

Sufuria zije mezani, kila mtu ajipakulie. Usiwajazie sahani kwa upendo, maana sahani iliyojazwa na mwenyeji ni deni. Aliyejipakulia kijiko kimoja akakimaliza amekula vizuri, na unaweza kumwona akirudia. Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach walipima jambo hili na kuchapisha mwaka 2019: watu waliochota kwenye bakuli moja walielewana upesi zaidi katika majadiliano kuliko waliopewa kila mmoja bakuli lake, hata walipokuwa hawajuani.

Umeuliza utajuaje kama wamependa. Swali "ni kitamu?" lifute kabisa. Lina jibu moja tu, na wamekwisha kukupa. Uliza swali la kulinganisha: kati ya hiki na kile, kipi nipike tena? Mtu akilinganisha hahisi anakukosea, kwa hiyo husema kweli. Au mwulize angeongeza nini. Anayejibu "ndimu zaidi" amekuwa akila kwa makini. Anayejibu "hapana, kila kitu safi" huku anatazama glasi yake, mwache apumzike.

Na mara ya pili na ya tatu, rudia kitoweo kilekile. Najua utatamani kuwaonyesha kingine kila wakija, kwa kuwa mna vingi. Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu tena na tena kunatosha kuongeza kukipenda, na mwaka 1982 Pliner alilipata jambo hilohilo kwa juisi za matunda ambazo watu hawakuzijua. Kadiri walivyozionja mara nyingi, hadi mara 20, ndivyo walivyozipenda zaidi. Vipande vidogo vilivyorudiwa vina faida kuliko karamu moja ya vyakula kumi. Mpaka uone mtu ananyoosha mkono bila kukuuliza ni nini, ndipo ulete kingine kipya pembeni.

Ukiweza, mmoja wao aje mapema akusaidie kukata na kukoroga. Aliyeona kila kilichoingia chunguni hana cha kukisia, na wenzake wakisita yeye ndiye atakayewaelezea, kwa lugha yao na kwa mifano yao. Maneno yake yatafika mbali kuliko yako. Nawe nenda kwao ukale cha kwao. Utakutana na kitu ambacho hakishuki, na hapo utajua mwenyewe ungependa mwenye nyumba akutazame namna gani.

Mwisho wa jioni, mabaki usiwafungie bila kuwauliza, la sivyo utawabebesha adabu hadi nyumbani kwao. Sema tu kimebaki, anayetaka achukue. Atakayechukua mwandikie juu ya kopo vilivyomo na tarehe, umwambie akiweke kwenye friji akifika na akipashe mpaka kitoe mvuke. Siku inayofuata akikuuliza ile pilipili ya kusaga inapatikana wapi, jibu la swali lako la mwisho umeshalipata.